Fomu ya Kuhama

Fomu ina kurasa mbili na kisanduku kimoja kigumu:
"Sababu ya kuhama. Eleza kwa ufupi."
Mstari wenyewe haufiki urefu wa kidole changu cha shahada.

Nimeandika "mbali na nyumbani". Nimefuta.
Nimeandika "ada". Nimefuta, ingawa ni kweli.
Nimeandika "baridi", nikacheka peke yangu,
maana Saint Paul nako maji huganda ndani ya bomba
na mama huyayeyusha kwa kikaushio cha nywele.

Huku Duluth, ziwa halina ng'ambo.
Mwaka wa kwanza niliogopa hata kulitazama.
Sasa kila Jumanne natoboa barafu yake kwa keekee,
nateremsha chupa kwa uzi, nahesabu mita,
na Profesa Halvorson, ndevu zimemganda,
ananiuliza nini kinaishi kule chini gizani.
Namtajia. Majina marefu ya viumbe wadogo.
Sijawahi kuwa na uhakika hivyo juu ya kitu kingine.

Lakini chumbani, Signe na wenzake
huzungumzia nyumba zao za likizo
kama mtu anavyozungumzia soksi.
Si wabaya. Waliniuliza mara tatu tu
natoka wapi hasa.
Nikasema, mtaa wa Frogtown, karibu na duka la matairi.
"Na kabla ya hapo?"
Kabla ya hapo nilikuwa tumboni mwa mama,
naye yuko kwenye foleni, namba mkononi.

Mama hupiga simu Jumapili. "Umekula?"
Hasemi rudi. Hajawahi kusema rudi.
Husema: kaka yako Tou Ger siku hizi
anabeba masanduku ya kabichi peke yake hadi sokoni.
Husema: goti langu halinisumbui sana.
Hilo "sana" ndilo linalonikesha.

Nilikwenda kukiona chuo kile cha mjini,
vituo vinne kutoka mlangoni kwetu.
Madirisha ya maabara yanatazama maegesho ya magari.
Ziwa hakuna. Kuna tangi la samaki,
na mmoja wao anaelea ubavu.
Lakini ngazini msichana alinisalimu kwa lugha ya bibi yangu,
bila kuniangalia mara mbili,
akauliza choo kiko wapi.
Nikamwelekeza kwa kubahatisha.
Kumbe kipo.

Mshauri alipiga hesabu: masomo matatu hayahamishiki.
Nitahama mimi, yenyewe yatabaki.
Mojawapo ni lile la ziwa.
Jumanne zangu zote, vidole vimekufa ganzi,
zitawekwa kwenye kabati la nani?

Hama. Hamia. Hamisha. Hamishwa.
Kitenzi kimoja, na kila mkia una mwenyewe.
Babu alihama usiku, mto mbele, bunduki nyuma.
Mama alihamishwa.
Mimi ni wa kwanza katika ukoo kuulizwa sababu,
na hiari hii nimeishika kama sahani ya moto,
nazunguka nayo chumbani, sioni pa kuitua.

Leo siku ya mwisho. Ofisi hufungwa saa kumi na nusu.
Bibi Oja wa dirishani ameipokea fomu,
ameiinua kwenye taa: pale penye sababu
karatasi imetoboka kwa kufutwafutwa.
Hakunisema. Alitoa nyingine,
akanisogezea kalamu iliyofungwa kwa mnyororo wa shanga.
"Wino, tafadhali. Penseli hatupokei."

Nyuma yangu watu wanne, mmoja anakohoa makusudi.
Nje theluji imeanza upya, na ni Jumanne;
tundu nililolitoboa asubuhi
linajifunga polepole, bila mimi.

Nimeandika jina. Nimeandika tarehe.
Penye sababu nimeandika "goti".
Mstari umebaki na nafasi.