Yatokanayo

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa ya mwenyekiti.
Ilitua juu ya bati katikati ya ajenda ya sita
na kufikia ya saba midomo ya madiwani ilikuwa inacheza tu,
kama ya watu walio nyuma ya kioo.
Mimi ndiye mwandishi. Niliandika nilichokisia.

Ajenda ya saba: utalii, na fedha za kuuendesha.

Mheshimiwa Mwalusako akasimama, kashika mkanda wa suruali:
"Tuna ziwa juu ya mlima! Tuna daraja alilojenga Mungu
bila mkandarasi, bila asilimia kumi!
Huko kaskazini wana nini? Vumbi na simba!"
Meza zikapigwa. Nikaandika: hoja iliungwa mkono.

Bi Tusekile wa hazina akavua miwani.
Akivua miwani ujue fedha hakuna.
"Ushuru wa chai umelipa madawati.
Ushuru wa ndizi umelipa deni la madawati.
Ushuru wa viazi uko kwenye lori, na lori liko kwenye tope.
Nionyesheni kifungu, nami nitawaonyesha kalamu."

Ndipo mapendekezo yakaja kama kumbikumbi kwenye taa:
kila kitanda cha gesti kilipe elfu moja;
kampuni ya simu ikodishwe ziwa, iliite jina lake miaka mitano;
ichongwe sanamu ya mkungu wa ndizi pale njia panda,
wageni wapigie picha.
Bi Ikupa, wa viti maalumu, akauliza kitu kimoja:
"Mgeni akibanwa na haja kule msituni, anaelekea wapi?"

Kimya. Hata mvua ilipunguza.
Akajibiwa kwamba swali hilo ni la idara ya afya.

Sauti ya nyuma, sikumwona mwenyewe, ikasema
fedha zipo, Mjerumani alizizamisha ziwani akikimbia,
tukodi mpiga mbizi.
Walicheka mpaka mwenyekiti akalegeza tai.
Sijui kicheko kinaandikwaje kwenye muhtasari.
Niliacha mstari mmoja mtupu.

Gwakisa, anayeongoza wageni, alikaa karibu na mlango.
Buti kaziacha nje, kama aliyeingia nyumba ya watu.
Alipewa dakika tatu, akatumia moja.
"Ngazi za udongo nilizichonga kwa jembe.
Zilikuwa mia mbili na kumi. Masika haya zimebaki themanini.
Daftari la wageni hili hapa. Ndaga."

Daftari likazunguka meza hadi kwangu,
kurasa zimevimba kama mkate uliotoswa chai.
Jina. Atokako. Maoni.
Mtu wa Songea: njia inateleza lakini Mungu yupo.
Mtoto wa shule: tuliambiwa tusitupe mawe, nilitupa moja.
Mwingine, wino umemfia katikati: nilipofika juu nili

Azimio: wajumbe kumi na wawili watembelee eneo,
wajionee, walete taarifa kikao kijacho.
Posho. Mafuta. Chakula. Maji ya chupa.
Nikajumlisha pembeni kwa penseli:
ni ngazi mia mbili na kumi za mawe, na choo.
Nikafuta. Mwandishi hana hoja.

Miaka thelathini na minne nimeishi chini ya mlima ule.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema,
na mwenyeji mwenyewe hajawahi kupanda.
Jumamosi nilimpa Gwakisa elfu tano,
akanirudishia mbili, ati mimi wa nyumbani.
Ngazi ya thelathini iliondoka na kiatu changu.
Kileleni, ukungu. Ziwa sikuliona.
Nilisikia ndege mmoja akiita huko chini, mbali,
na jibu likimrudia kutoka ng'ambo.

Akanipa daftari, na kalamu aliyoifunga kwa uzi.
Jina, nikaandika.
Atokako: hapa hapa.
Maoni: Bi Ikupa aliuliza vema.