Namba Moja Si Yangu

Seva ya halmashauri iko Cheyo, chumba cha nyuma,
feni yake inavuma kama nzi aliyefungiwa chupani.
Neno la siri kuu lilipanda treni na Bwana Kapalata
siku alipohamishiwa Dodoma.
Nimempigia. Anasema: andika barua.
Barua ina miezi saba.

Nina folda moja tu yenye jina langu.
Nje ya hapo, kila mlango nikiugusa
mashine hunijibu maneno mawili: huna ruhusa.

Basi nimefanya alivyofanya bibi yangu pale Kanyenye,
miaka kumi na tisa chumba cha kupanga:
jiko lake, mtungi wake, chumvi yake,
hata msumari wa chandarua alikuja nao.
Hakuazima kiberiti.

Nami nimejenga humo humo.
Programu, hifadhidata, kila kipande na kijipande chake,
vyote chini ya paa la folda moja,
na juu yao nimeweka mnyampara.

Namwita hivyo kwa kuwa hapa ni Tabora,
na misafara ya mababu haikulala
bila mtu wa kuhesabu vichwa.
Yeye habebi. Anaita tu.
Anayepokea meseji za asali? Yupo.
Anayeandika daftari? Yupo.
Anayekokotoa malipo?
Kimya.
Humnyanyua. Akianguka, humnyanyua tena.
Akianguka mara tano ndani ya dakika moja
humwacha alale, na huandika sababu.

Lakini si namba moja.
Namba moja ni ya mwenye nyumba:
wa kwanza kuamka, wa mwisho kuzimika,
mlezi wa kila yatima ambaye mzazi wake kafa kazini.
Wangu ni elfu nne mia mbili na kumi na sita.
Nimemfundisha jambo moja la ukaidi:
yatima wa humu walelewe humu.

Jumanne umeme ulikatika, ukarudi alfajiri.
Namba moja akaamka, akawaamsha wake.
Mlango wetu hakuna aliyeubisha.
Kule Ipole, Nyamizi akapima ndoo kumi na moja,
akatuma uzito, akasubiri jibu
huku nyuki wakimzunguka kilemba.

Nilifika saa nne, baiskeli imepata pancha Isevya,
nikamwamsha mnyampara kwa mkono wangu.
Akaita majina.
Ndoo zikaingia moja moja:
kilo mia tatu na nane.
Nyamizi akajibu: *nilidhani mmekufa.*

Usiku huo nikaandika barua ya pili.
Siombi ufunguo, Bwana Kapalata.
Naomba mstari mmoja kwenye orodha yako ya alfajiri:
ukishawaamsha wako, gonga na kwa mpangaji.
Na nikitoka kwenda kula,
usinizimie jiko.

Nimeigonga mhuri.
Nimeiweka juu ya ile ya kwanza.