Kabla Hujapiga Kiki

Fondo, mvua ya kwanza si rafiki.
Usidanganywe na harufu ya udongo,
wala na watoto wa Kisumu Ndogo wanaooga kwa kelele
chini ya mabati.
Lami imekunywa mafuta kaskazi nzima,
leo inayatapika,
inang'aa kama samli kikaangoni.
Nusu saa ya mwanzo kaa kibandani,
kunywa kahawa yako,
mwache mwenye haraka atangulie
kuokota meno yake.

Mimi nilianguka pale mbele ya duka la vipuri la Abeid.
Sikugongwa, sikugonga.
Breki ya mbele tu, na kidole kimoja chenye wasiwasi.
Mtulinga ukakatika.
Hadi leo wingu likijikusanya juu ya Sabaki
bega hunipasha habari kabla ya redio.

Dimbwi nalo usiliamini.
Maji ya masika ni shuka juu ya kitanda cha ugenini,
hujui godoro lina shimo gani.
Lile la njia ya Barani lilimeza gurudumu la tuktuk,
dereva akabaki amekaa wima, ameshika usukani,
kama bwana harusi aliyesahauliwa ukumbini.

Kona ya Casuarina mchanga hulala juu ya lami,
mwembamba kama sukari juu ya mkate wa sinia.
Usiilaze pikipiki hapo.
Pita taratibu,
kama unayepita mbele ya wakwe.

Jioni, kumbikumbi.
Wanafuata taa, na taa ni wewe.
Shusha kioo, funga mdomo.
Kitsao alikuwa akiimba,
akawala saba kabla ya ubeti wa pili.
Alisema wamepungukiwa chumvi.

Abiria wa kike akikaa upande ni shauri lake.
Wewe mwambie habari ya buibui:
"Mama, kusanya nguo, mnyororo hauna adabu."
Ngoja aseme haya. Asiposema, hatujaondoka.
Na zile breki za makusudi, Fondo,
za kumfanya mtu akulalie mgongoni,
stendi nzima tunazijua,
na kina dada wanazijua zaidi.

Nasema hivi, na Ijumaa iliyopita
nilisahau wosia wangu mwenyewe.
Nilikuwa nawahi mteja wa Maweni,
dimbwi likaja, sikupunguza,
maji mekundu yakaruka
yakatua kwenye kanzu nyeupe iliyonyooshwa kwa pasi ya makaa.
Angenitukana ningekwenda zangu.
Hakunitukana.
Alitazama kanzu, akatazama saa ya simu yake,
akasimama pale kama mtu aliyepotelewa na ufunguo.

Nikageuza. Nikamwambia panda.
Hakuuliza bei.
Kwake Majengo mkewe alitutazama wote wawili,
akaingia ndani, akatoka na kanzu nyingine,
neno hakusema, ila mlango aliufunga kwa sauti.
Tulifika hutuba ya pili.
Nilimshusha mbali na michirizi,
nikabaki nje na matope yangu,
nikijidai nasafisha plagi.

Alipotoka akanipa mia.
Nikaikataa.
Akaiweka juu ya tangi, akaenda,
na manyunyu yakaigandisha palepale.
Sijui ni nauli au ni msamaha.
Ipo nyumbani, ndani ya kitabu cha bima,
imekauka imejikunja, sijaitumia.

Haya, mvua imepungua.
Kaza mnyororo kwanza, umelegea.
Ukimkuta mwenzako amesimama kando ya njia
punguza, inua kidole gumba.
Akiinua chake, endelea.
Asipoinua, simama,
hata kama una mteja, hata kama ni yule
tuliyegombana naye foleni.

Na hiyo helmeti ya abiria
ianike, bwana.
Inanuka.