Tanuru la Isongole

Wiki nzima ya likizo tumefyatua matope,
mimi, Subilaga, na kaka aliyerudi na suruali ya mjini.
Tofali mia nane na ushee.
Mama anasema mia saba na tisini:
zilizokanyagwa na ng'ombe wa Mwakalobo hazihesabiki.

Leo tumewasha.
Baba analizunguka tanuru kama anauguza mtu mwenye homa,
anapapasa ubavu, anaguna,
anaziba nyufa kwa udongo na kiganja.
Mgongoni baridi ya Julai,
usoni tunaiva.

Saa tano usiku viazi vinachokolewa jivuni.
Ganda jeusi, moyo wa moto;
tunavirusha mkono hadi mkono,
na chumvi imefungwa kwenye karatasi ya daftari:
hesabu za Subilaga, zile alizokosa.
Kaka anailamba karatasi, anasema
sasa zimepata jibu.

Hakuna anayetaja chumba ni cha nani.
Ndani bibi anakohoa,
anauliza, mara ya tatu leo:
"Dirisha mtaliweka upande gani?"

"Upande wa mlima, mama,"
baba anajibu,
anasukuma gogo jingine
polepole,
kama anayemfunika mtu.