Kisanduku cha Kiboriloni

Nilikukuta Kiboriloni, siku ya soko,
kati ya mapazia ya mitumba na pasi iliyokatwa waya,
uso umeelekezwa ukutani kama mtoto aliyekosa.
Mama Ndeonasia hakujua wewe ni kitu gani.
"Ni redio," alisema, "ila haina stesheni."
Akataka elfu sitini. Nikampa arobaini na tano
na ahadi ya kupiga kwenye kipaimara cha mjukuu wake,
deni ambalo, namshukuru Mungu, nililimaliza.

Jina lako lilishabanduka. Zilibaki herufi mbili
na nusu ya kitu kilichowahi kuwa O.
Fundi Senkondo, pale Majengo, alikufungua kwa bisibisi,
akainama akakunusa kama mtu anayeonja kisusio kwa pua.
Ndani: mende wawili, sarafu ya nchi tusiyoijua,
kapasita moja iliyovimba shavu.
"Aliyekiunda hiki," akasema, "alikuwa na huruma.
Tazama unene wa waya. Hakuna aliyemlazimisha."
Elfu tatu, na soda.
Ukakohoa. Ukaguna. Ukasema.

Wahenga wanadai rahisi huvunja upishi.
Hawakukuona wewe.

Send-off za Pasua, harusi za Rau,
ufunguzi wa baa moja Njoro
iliyofungwa kabla sijalipwa.
Umesafiri kwenye buti la teksi, ubavuni mwa mbuzi wa ndafu.
Umemwagiwa mbege mara mbili,
na mara zote mbili umekunywa kimya, ukaendelea na kazi,
jambo ambalo mpiga ngoma wetu hajaliweza.

Sasa nikiri lile la Shanty Town.
Anaeli, mpwa wa bwana harusi, alileta mtambo
uliopanda ndege, wenye taa za buluu na kitabu cha maelekezo.
Watu wakauzunguka kama gari jipya.
Nami nikakusukuma kwa mguu nyuma ya pazia.
Kwa mguu. Nakumbuka.
Masika ilikuwa imechachamaa; umeme ukashuka, ukapanda,
ukashuka tena, jinsi tulivyouzoea.
Zile taa za buluu ziliandika kitu, zikafuta, zikazima.
Anaeli akawa anasoma kitabu kwa tochi ya simu,
ukurasa wa kwanza, ule wa pongezi,
na bibi harusi tayari yuko mlangoni,
shela limelowa, ameshika mkono wa baba yake.

Wakawasha jenereta ya kuazima, umeme mchafu, unaotetema.
Nikakuvuta kwa mikono miwili.
Ukaguna. Ukasema.
Akaingia akikanyaga besi ya elfu arobaini na tano
na hakuna aliyeuliza bei.

Sikupambi: huna sauti ya malaika.
Ukipita saba unakwaruza kama sufuria la ugali.
Kwa hiyo miaka kumi na moja nimepiga kwenye sita,
nikiacha nafasi, nikingoja, nikigusa uzi mnene taratibu.
Vijana wananisifu: "Mzee Kirenga ana mtindo wake."
Natabasamu. Siwaambii
kwamba mtindo wangu ni mpaka wako.

Mara nyingine usiku namfikiria yule mtu wa waya mnene,
kiwandani kwake, sijui Osaka, sijui wapi,
na meneja akimwambia tumia mwembamba, hakuna atakayeona.
Sijui alijibu nini.
Kama yu hai, angalau ajue mjini Moshi kuna nyumba
ambamo ada ya Aikande, kidato cha kwanza mpaka cha nne,
ilipita ndani ya waya ule.

Aikande mwenyewe anataka nikustaafishe.
Nimemwambia ajifunze kwanza kukunja waya bila kuuvunja kiwiko.

Saa sita usiku, tumetoka Soweto, teksi haijafika.
Mvua imeanza na koti ni moja.
Nimekufunika. Mimi nitakauka.