Mchanga wa Saa

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua za watu
kwa baiskeli nyekundu ya posta,
mvua ya Aarhus ikinizamia hadi soksini,
na Preben, msimamizi, akinipimia mtaa kwa saa yake:
dakika kumi na nne, Ragnhild, si kumi na sita.

Juni hii sina barua hata moja.
Nina chupa ya chai, koti la mvua,
na Bodil, wifi yangu, ambaye breki zake hulia kama bata
na ambaye husimama kila penye ua, kila penye mbwa,
kila penye benchi linaloitazama bahari.
"Tutafika lini?" namuuliza.
"Wapi?" anasema, na anavua viatu.

Bornholm yote huzungukwa kwa siku moja
na mwenye mapafu ya kijana.
Sisi tumejipa saba.
Siku ya kwanza tumekwenda kilomita tisa.

Bahari iko kushoto, haihami kushoto,
asubuhi rangi ya bati jipya, adhuhuri rangi ya chupa.
Kulia shayiri. Kando ya njia, meza isiyo na mwenyewe:
viazi vipya, mayai sita, jamu,
na kopo lenye tundu. Weka pesa, nenda zako.
Anayekuona ni paka tu.
Bodil anatumbukiza noti ya hamsini kwa jamu ya ishirini,
anaiaga chenji kwa mkono.

Mimi, mazoea yana taabu,
macho yananiponyoka kwenda kwenye masanduku ya barua:
hili limelegea bawaba, lile litavuja mvua ikija,
na hapa Kofoed, na hapa Kofoed,
nyumba nne mfululizo jina ni moja.
Nani aligawa mtaa huu bila kukosea?
Ningependa kumpa mkono.

Mteremko wa Gudhjem ni ngazi iliyosahau kazi yake.
Tunashuka tukizizuia baiskeli
kama mbuzi waliosikia harufu ya maji.
Chini, kwenye nyumba ya moshi, Asger anatuletea
samaki mwenye tumbo la dhahabu,
kiini cha yai kibichi juu yake, figili, majani ya kitunguu.
Chakula hiki hukiita jua juu ya Gudhjem.
Nje inanyesha.
Tukalila jua hilo mafuta yakitufika viwikoni.

Asger ndiye aliyetuambia habari za Dueodde:
mchanga wa kule ni laini kuliko unga,
hauna punje inayokwama;
zamani waliujaza kwenye saa za mchanga.

Siku ya tano tukafika. Mchanga tupu, mpaka jicho linachoka.
Dakika zote za dunia zimelala kifudifudi,
hazina kioo, hazina msimamizi.
Nikachota konzi. Nikakisia: kumi na nne hivi.
Nikailegeza ngumi,
upepo ukachukua kabla sijahesabu mbili.
Bodil alikuwa ameshalala, mdomo wazi.
Nikamfunika miguu na koti langu.

Jioni nilinunua kadi yenye picha ya mnara.
*Ndugu Preben, mtaa huu ni kilomita mia na ushei.
Sijui nimetumia muda gani.*
Stempu nikabandika, nikailainisha kwa kidole gumba,
kazi niliyoizoea.

Tumepita masanduku ya posta matatu tangu hapo.
Kadi bado imo mkobani,
imeshika mchanga.