Mengineyo

Andika, karani, aliniambia Mwenyekiti:
wananchi wameridhia.
Nikaandika tarehe. Nikaandika saa nne asubuhi,
ingawa mgeni alifika saa saba na nusu,
darasa la tano wamekwisha kwenda zao
wakiacha ubaoni hesabu ya mkulima na magunia,
haina jibu.

Mbunge hakuja. Alituma mwakilishi,
mwakilishi akapata udhuru, akatuma kijana
mwenye viatu vyeupe na mfuko wa makaratasi.
Basi tukawa tumewakilishwa mara tatu,
kama chai ya majani ya juzi.

Kijana alisema vizuri, sitamsingizia.
Alitaja kaboni mara nyingi. Alisema dunia ina homa,
na jua letu hili, linalokausha uwele ungali magotini,
laweza kukamatwa kwa vioo, ekari mia nane,
toka korongoni hadi relini.
Moyoni niliafiki. Mwanangu anasomea tochi ya simu,
na simu tunachajisha kwa Mheluka, shilingi mia tatu.

Ndipo Matika akasimama, mikono myeusi hadi viwikoni.
"Mwezi wa sita mlinikamata na magunia mawili ya mkaa.
Mkasema naua hali ya hewa. Faini nimelipa kwa mbuzi.
Ule mkaa ulikuwa unakwenda wapi, kama si mjini kwenu,
kuchoma nyama ya watu wa semina?
Leo mnataka na malisho ya mbuzi waliobaki."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

Mheluka hakucheka. "Mkaa ni mkaa, jua ni jua.
Mlima umebaki kipara, mama.
Umekata hata mgunga wa kaburini kwa babu yangu."
"Nimeukata," akasema Matika.
"Ulitaka nipikie nini, hotuba?"

Hapo mzee Ndahani, aliyekuja na ng'ombe wake
akawaacha dirishani, akauliza:
huo umeme utashuka hapa, au utapita?
Kijana akafungua makaratasi, akayafunga.
Utaingia kwenye gridi, akasema.
"Gridi ni kijiji gani?"

Hakuna aliyejibu. Treni ya umeme ikapita,
vioo vimefungwa,
kama harusi ya watu wengine.

Jioni nikaletewa orodha ya mahudhurio, niambatishe.
Mimi nilihesabu sitini na mmoja,
pamoja na waliobebwa mgongoni.
Karatasi ina mia mbili na kumi na wanne.
Naijua karatasi hiyo. Ni ya mahindi ya msaada,
mwaka ule wa njaa; kichwa chake kimekatwa kwa mkasi.
Namba thelathini na saba ni dole gumba la mama yangu,
lenye kovu la mundu katikati.
Mama, aliyezikwa debe lake halijafika,
leo ameridhia ekari mia nane.

Sikatai vioo. Na hilo liandikwe.
Mheluka ana haki juu ya mlima, Matika ana haki juu ya jiko,
na mimi sijui mtu anapimaje haki mbili
kwenye mzani wenye jiwe la mtu wa tatu.

Ila ajenda ya mwisho ya kila muhtasari
huitwa Mengineyo, na wakubwa hawafiki huko.
Humo nimetia faini, na mbuzi, na mgunga wa kaburini.
Nimetia swali la Ndahani na alama yake ya kuuliza.
Juu, palipo na waliohudhuria, nimeandika 61.

Muhuri uko sandukuni kwa Mwenyekiti,
naye yuko mjini hadi Jumatatu.
Nimewasha kibatari. Nimelaza karatasi ya kaboni,
kaboni pekee niliyopata kuishika,
nakandamiza kalamu
ili nakala ya chini nayo isomeke.